Sare

Nchi kumi zimekuja Luque na mabegi yao,
wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba,
kuwania tiketi za Kombe la Dunia la vijana,
na mimi, Deolinda, nimepewa wa Bolivia:
jezi ishirini na tatu kila jioni,
kaptura ishirini na tatu,
soksi sihesabu, soksi hupotea hata ukizihesabu.

Udongo wetu wa Paragwai ni mwekundu, haubembelezwi.
Ukiuanza kwa maji moto, umeukaribisha ukae.
Maji baridi kwanza, ndimu, kipande cha sabuni ya mche,
halafu kidole gumba, polepole, kama unamfuta mtoto kamasi.
Mashine ya Don Fulgencio ipo, inanguruma,
lakini mashine haijui goti ni wapi.

Mpira sikuutazama. Niliusoma.
Namba nne: ubavu wote mwekundu, beki wa kuteleza.
Namba kumi: amevutwa, mshono wa bega umeachia.
Kipa: viwiko. Siku waliyofungwa matano
viwiko vyake vilinichukua saa nzima.

Namba kumi na nne ilirudi safi.
Jumatatu safi. Alhamisi safi.
Imekunjwa vilevile nilivyoikunja.
“Huyo anasugua benchi,” mtunza vifaa akacheka.
Basi tuko wasuguaji wawili, nikamjibu.
Niliifua hata hivyo. Kwenye ukosi
palikuwa na chumvi, na chumvi ile haikuwa ya jasho.

Usiku mmoja alikuja mwenyewe na soksi iliyosahaulika:
Wara Quenta, kutoka El Alto,
ambako, alisema, hewa ni nyembamba na mtu huizoea;
ya hapa nzito kama uji, anaitafuna.
Nikampa terere, majani yetu kwenye maji ya barafu.
Akauliza kama nimewahi kusafiri.
Nimefua nguo za watu waliosafiri, nikasema.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Chile.
Mpishi alijaza ukuta wa jikoni kwa chaki:
pointi, tofauti ya magoli, nani akiteleza nani apite;
akafuta, akapiga tena hesabu.
Ushindi, wanafuzu.
Chochote kingine, basi la saa kumi na moja alfajiri.
Kufua, kufuzu: mdomoni ni majirani.
Mimi nimekaa nyumba ya kwanza miaka thelathini na moja.

Mvua ilishuka kipindi cha pili.
Nilisikia uwanja kupitia dirisha la kufulia,
ukipanda, ukishuka,
kisha ukapanda ukabaki juu,
kisha kimya, na kimya hakisemi ni cha nani.

Kikapu kilifika saa nne.
“Vipi?”
“Sare.”
Kazi yangu yote ni sare. Sikujua
neno hilo linaweza kumrudisha mtu kwao.

Nikazitoa mojamoja, nzito, zinachuruzika.
Kumi na nne haikuwemo.

Alikuwa mlangoni, bado ameivaa,
kifua kizima tope, nyasi mbili zimeganda juu ya namba.
Dakika kumi na moja, akasema, pamoja na nyongeza.
Goli la kusawazisha lilitoka gotini kwake,
si mguuni, gotini, akaanguka nalo.
Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea.
“Hii usiifue.”

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.
Nikamtafutia mfuko wa nailoni usiovuja,
nikamwonya asiuweke karibu na nguo za mama yake,
udongo wetu huhama.

Alfajiri nikazianua zingali na unyevu,
dereva anapiga honi.
Nikahesabu: ishirini na mbili.
Nikahesabu tena, mkono umeshazoea,
mpaka kumi na tatu, nikasimama,
nikaruka.